Zepelini ya Vita Iliyokusudiwa Kutua Makonde: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wageni wanaokuja Tanga kuulizia Vita Kuu ya Kwanza huanzia Ras Kazone, waliposhukia wanajeshi wa Uingereza na India mwezi Novemba 1914, na baadhi yao hufika hadi Ghuba ya Manza, kaskazini mwa mji, ambako meli ya Rubens ilikwamishwa mwaka uliofuata. Baada ya hapo huulizia zepelini, yaani chombo cha anga ambacho Ujerumani ilikusudia mwaka 1917 kiyapelekee majeshi yake ya Afrika Mashariki silaha na dawa. Wapo waliosikia kwamba ilifika ikateketea, wapo waliosikia kwamba ilitunguliwa, na wapo wanaosadiki kwamba ilidanganywa njiani ikarudi ilikotoka.

Ukweli ni kwamba vyombo vilikuwa viwili. Cha kwanza, L57, kiliharibika na kuungua Ujerumani kilipokuwa kikirudishwa chini baada ya safari ya majaribio. Cha pili, L59, kiliruka saa 95 mfululizo, kikaingia Afrika na kutoka bila kugusa ardhi yake. Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama kisa cha kuruka mbali. Sisi tunakitazama kwa upande wa pili, yaani upande wa kutua, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na ugumu wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Zepelini ni chombo cha namna gani?

Ni chombo cha anga kinachoelea kwa sababu ya gesi nyepesi iliyomo ndani yake na kusukumwa na injini zenye pangaboi. Kinatofautiana na puto la kawaida kwa kuwa kina mifupa. Aliyewahi kuona jahazi likiundwa ataelewa haraka: kuna mkuku unaopita chini kutoka omo hadi tezi, kuna mataruma yanayoshika umbo, na juu yake, badala ya mbao, huvutwa kitambaa. Mkuku na mataruma hayo yalikuwa ya duralumini, ambayo ni aluminiamu iliyochanganywa ili iwe ngumu. Ndani ya umbo hilo hupangwa mifuko mikubwa ya gesi, ambayo enzi hizo ilifunikwa kwa utando wa utumbo wa ng'ombe ili gesi isivuje.

Gesi yenyewe ilikuwa haidrojeni. Hakuna gesi nyepesi kuliko hiyo, lakini nayo hushika moto kwa cheche moja.

L57 na L59 zilikuwa na urefu wa mita 226.5 kila moja, zilijazwa gesi ya mita za ujazo 68,500, na ziliendeshwa na injini tano za Maybach zenye nguvu za farasi 240 kila injini. Ukivipanga viwanja viwili vya mpira goli kwa goli, pua na mkia wa chombo hicho vingetokeza nje. Wapo wanaopendelea kukiita meli ya anga, nasi hatuoni kosa, kwa sababu waliokiendesha walikuwa mabaharia wa jeshi la majini.

Je, ilikuwa inakuja Tanga?

Hapana. Tanga ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa Waingereza mwezi Julai 1916, na Bagamoyo ilifuata mwezi Agosti mwaka huohuo. Mwishoni mwa mwaka 1917 majeshi ya Kijerumani yaliyoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck yalikuwa yamesukumwa hadi kusini kabisa mwa koloni, na mahali palipokusudiwa chombo kishuke ni nyanda za juu za Makonde, karibu na Mto Ruvuma.

Hata hivyo, habari hii haiwezi kusimuliwa bila kuitaja Tanga, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Kwa nini Ujerumani ilifikiria njia ya anga badala ya bahari?

Kwa sababu njia ya bahari ilikuwa imekwisha kutumiwa, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Tangu vita vilipoanza, manowari za Uingereza zilizuia pwani yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, na silaha za upande wa Ujerumani zilipatikana kwa njia mbili tu: kunyang'anya au kupenyeza.

Kunyang'anya kulianza hapa Tanga. Katika mapigano ya Novemba 1914 kikosi cha Waingereza na Wahindi wapatao 8,000 kilishindwa na watu wapatao 1,000, kikarudi melini na kuacha ufukweni mamia ya bunduki, bombomu 16 na risasi takriban 600,000. Kupenyeza kulianza hapahapa pia. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya nchi isiyopigana na kujibandika jina la Kronborg, iliingia Ghuba ya Manza huku manowari ya Hyacinth ikiifuata na kuipiga mizinga. Nahodha aliikwamisha meli kwenye maji mafupi, moto ukaonekana juu ya sitaha, na Waingereza wakaondoka wakiamini kwamba imekwisha. Haikuwa imekwisha. Shehena iliopolewa kutoka ndani ya maji, risasi zilizolowa zikafumuliwa na kukaushwa, na vita vikaendelea kwa nguvu hizo. Meli ya pili, Marie, ilifika Ghuba ya Sudi karibu na Lindi mwezi Machi 1916.

Tunawaomba wasomaji waishike picha hiyo ya Manza: chombo kinachokuja mara moja, kinavunjika makusudi mahali kilipofika, na mzigo wake unaokolewa na mikono ya watu. Mpango wa zepelini ulikuwa huohuo, ila bahari ilikuwa imebadilishwa kwa anga.

Baada ya mwaka 1916 bandari zote zilipotea, na meli ya tatu isingekuwa na pa kutia nanga.

Nani alitoa wazo hilo?

Aliyelipeleka ni daktari aitwaye Max Zupitza, aliyekuwa na uzoefu wa utumishi katika makoloni ya Ujerumani barani Afrika. Jeshi la majini lililipokea mwaka 1917, naye akasafiri ndani ya L59 kama tabibu wa chombo.

Ajali ya L57 ilitokeaje?

L57 iliruka kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Septemba 1917. Ilikuwa zepelini ya kawaida ya kivita iliyorefushwa kwa mita 30 ili iongezewe mifuko ya gesi na iweze kubeba mzigo mkubwa kwa safari ndefu isiyo na kituo. Kamanda wake aliitwa Ludwig Bockholt.

Mwanzoni mwa Oktoba ilipelekwa katika majaribio kwenye kituo cha Jüterbog, kusini mwa Berlin. Hali ya hewa ilibadilika wakati chombo kikiwa nje, na upepo uliokuwa ukivuma uliporudi nacho haukuruhusu kiingizwe bandani. Katika juhudi za kukituliza na kukirudisha, kiliharibiwa na dhoruba, kisha kikashika moto na kuteketea. Ilikuwa tarehe 8 Oktoba 1917, na wiki mbili zilikuwa hazijatimia tangu kiruke mara ya kwanza.

Hakikuwa kimepigwa risasi, wala adui hakuwa karibu. Chombo kilichojengwa ili kivuke bahari, jangwa na mipaka ya maadui kilimalizika juu ya uwanja wa kwao wenyewe, mbele ya watu waliofunzwa kukipokea na kando ya banda lililojengwa kwa ajili yake. Msomaji akiuliza kwa nini tunaitilia mkazo ajali hii ndogo, ambayo vitabu vingi huitaja kwa sentensi moja na kuendelea, jibu letu ni hilo: ikiwa huko ilishindikana, ingewezekanaje juu ya nyanda za Makonde?

Kwa nini kutua kwa zepelini kulikuwa kugumu kiasi hicho?

Ndege yenye mabawa ikigusa ardhi, uzito wake huikalisha chini. Zepelini ikigusa ardhi bado inaelea. Haina uzito wa kuikalisha, na hivyo kila upepo unaopita huichukua kama unavyoichukua mashua iliyokatika kamba, isipokuwa mashua hiyo iwe na ubavu wa mita 226 na kimo cha nyumba ya ghorofa kadhaa.

Kwa hiyo nahodha alipaswa kwanza kukisawazisha chombo. Njiani injini huchoma mafuta na chombo huwa chepesi. Jua likikipiga, gesi hupanuka na chombo hutaka kupanda. Jua likitua, gesi hupoa na chombo hutaka kuzama. Njia za kurekebisha hali hiyo ni mbili, nazo zote ni za upotevu. Ukitaka kushuka unafungua valvu na kumwaga gesi; ukitaka kuacha kushuka unamwaga farumi, ambayo kwa zepelini ilikuwa maji. Mabaharia wa majahazi wanajua farumi kama mawe au mchanga unaowekwa chini ili chombo kitulie. Hapa farumi ilikuwa pia akiba ya uhai, na ikiisha hakuna namna ya kuzuia chombo kisianguke.

Chombo kikisha kusawazika, huteremshwa kamba ndefu, na watu walio chini huzidaka na kukivuta. Watu hao hawakuwa kumi wala ishirini. Kwa zepelini kubwa walihitajika mamia, nao walipaswa kusikiliza amri moja na kuachia kamba kwa pamoja, kwa sababu anayechelewa kuachia huinuliwa nayo juu. Baada ya hapo chombo kilitembezwa kwa miguu hadi bandani, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Upepo ukivuma sambamba na banda, kazi ni nzito lakini inafanyika. Ukivuma kwa kukata mlango, nusu ya chombo huwa imekingwa ndani ya banda na nusu ya pili iko nje ikisukumwa, na mifupa yake hupindwa dhidi ya nguzo za mlango. Wakati huohuo hakiwezi kuachwa nje, kwa kuwa vituo vya Ujerumani vya wakati huo vililitegemea banda kama vyombo vyetu vinavyoitegemea bandari wakati wa kusi kali.

Halafu kuna moto. Mifupa ikivunjika, mifuko ya gesi huchanika, haidrojeni huchanganyika na hewa, na cheche yoyote inayotokana na chuma, umeme au injini humaliza kazi. Mwezi Januari 1918, katika kituo cha Ahlhorn, moto ulioanzia katika banda moja uliteketeza mabanda mengine pamoja na vyombo vitano vya anga, navyo vyote vilikuwa vimeegeshwa tu.

Je, kamanda aliondolewa baada ya ajali?

Hakuondolewa. Bockholt alikabidhiwa L59 pia. Sifa yake ya awali ilitokana na tukio la Aprili 1917, alipoishusha zepelini L23 juu ya Bahari ya Kaskazini na kuiteka merikebu ya matanga ya Norwe iliyoitwa Royal.

L59 ilipatikanaje haraka hivyo?

Ilikuwa tayari inajengwa Staaken, karibu na Berlin, ikarefushwa kwa mita 30 kama mwenzake, na ikaruka kabla ya Oktoba kwisha. Mwanzoni mwa Novemba ilihamishiwa Yambol, nchini Bulgaria, kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa kituo cha upande wa Ujerumani kilichokuwa karibu zaidi na Afrika.

Ilibeba nini?

Shehena ilikuwa takriban tani 15. Sehemu kubwa ilikuwa risasi, zaidi ya 300,000, pamoja na bombomu 30 na vipuri vyake. Palikuwa pia na magunia 61 ya bandeji na dawa, vifaa vya kushonea, barua, darubini, mapanga na vipuri vya simu ya upepo.

Dawa zina historia yake upande wetu. Miaka ya mwanzo ya vita, Taasisi ya Amani katika milima ya Usambara ilitengeneza kwinini kwa ajili ya majeshi ya Kijerumani yaliyokatiwa njia ya bahari. Usambara ilipotwaliwa mwaka 1916, chanzo hicho kikaondoka, na askari na wapagazi wakaendelea na vita katika mabonde ya Rufiji na kusini kwake, ambako malaria iliua bila kubagua upande. Msomaji wa Tanga anayedhani kwamba magunia 61 ni jambo dogo na ayatazame kwa jicho hilo.

Ingetuaje Makonde, pasipo na banda wala watu waliofunzwa?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote tunayoulizwa. Jibu fupi ni kwamba haikukusudiwa itue kama zepelini zinavyotua. Ilikusudiwa ishuke mara moja tu, isiinuke tena.

Afrika Mashariki hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza upya, kwa hiyo safari ya kurudi haikuwezekana hata kwa hesabu. Badala ya kulihesabu hilo kuwa hasara, waliopanga waliligeuza kuwa shehena ya pili. Kitambaa cha nje kingekuwa mahema na nguo; mifuko ya gesi ingetumika kwa malazi na bandeji; mataruma ya duralumini yangesimamishwa kuwa mnara wa simu ya upepo; injini zingezalisha umeme; na njia ya kupitia mabaharia ndani ya mkuku ilifunikwa ngozi ili baadaye ikatwe iwe viatu. Mabaharia wenyewe, watu 22 pamoja na daktari, wangejiunga na jeshi la nchi kavu. Ni Manza tena, safari hii bila maji.

Mpango huo unapendeza ukiusoma mezani. Hata hivyo, hata chombo kinachokuja kuvunjwa lazima kifike chini kikiwa kizima, la sivyo mzigo unaungua pamoja nacho. Tuyatazame mazingira ya huko. Nyanda za Makonde zinainuka kutoka upande wa pwani kuelekea magharibi, na upande wa Newala zinakatika ghafla kwa mteremko mkali, na mahali pa namna hiyo upepo hauvumi kwa utulivu. Kadiri chombo kinavyokuwa juu kutoka usawa wa bahari, ndivyo hewa inavyopungua uzito na gesi inavyobeba kidogo, takriban asilimia moja kwa kila mita 100. Mwezi Novemba ni wakati wakulima wa kusini wanapochoma mashamba wakisubiri mvua. Na watu wa kuzidaka kamba wangekuwa wapagazi, ambao wengi wao walichukuliwa kwa nguvu kutoka vijijini, wakapigwa na njaa na maradhi kwa miaka mitatu, na ambao hawakuwahi kuona chombo kama hicho wala kusikia amri za kukishika. Wapagazi hao hawatajwi kabisa katika masimulizi mengi ya zepelini, ilhali mpango mzima ulikuwa unaning'inia kwenye mikono yao.

Upande wa adui nao ulikuwa karibu. Chombo cha urefu huo hakifichiki, nacho kingeteremka katika eneo ambalo vikosi vya Uingereza vilikuwa vikilipunguza siku baada ya siku.

Safari ya L59 ilikuwaje?

Majaribio mawili ya kuondoka Yambol hayakufaulu. Katika moja lao chombo kilipigwa risasi na wanajeshi wa Uturuki, ambao walikuwa washirika wa Ujerumani, kwa kuwa hawakukitambua. Kiliondoka kwa mara ya tatu tarehe 21 Novemba 1917, kikapita juu ya Uturuki na kisiwa cha Krete penye dhoruba ya radi, na alfajiri iliyofuata kikavuka pwani ya Afrika.

Jangwani kilikutana na mambo ambayo mabaharia wa Bahari ya Kaskazini hawakuyazoea. Mchana hewa iliyochemka juu ya mchanga ilikirusha na kukishusha hadi watu wakaugua kama waliomo kwenye mashua ndogo siku ya mawimbi. Alasiri injini moja iliharibika, nayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha mtambo wa kutuma ujumbe. Kuanzia hapo waliweza kusikia lakini hawakuweza kusema. Usiku gesi ilipoa, chombo kikawa kizito na kuanza kuzama kuelekea ardhini, ikalazimu kumwaga farumi na kutupa sehemu ya shehena. Wakati huo walikuwa wamekwisha kupita oasisi ya Dakhla na kuufuata Mto Naili hadi kusini ya Wadi Halfa.

Kwa nini iligeuka?

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba, ikiwa magharibi ya Khartoum, ilipokea ujumbe kutoka Ujerumani unaoiamuru irudi. Ujumbe ulieleza kwamba adui ametwaa sehemu kubwa ya nyanda za Makonde, kwamba Kitangari, iliyo kwenye nyanda hizo, iko mikononi mwake, na kwamba Wareno, waliotawala Msumbiji, wanashambulia kutoka kusini. Kwa maneno mengine, mahali pa kutua palikuwa pametoweka wakati chombo kikiwa angani.

Iligeuka, ikatua Yambol asubuhi ya tarehe 25 Novemba baada ya saa 95 na mwendo wa takriban kilomita 6,800, huku ikiwa na mafuta ya kuiendesha zaidi ya siku mbili nyingine.

Si kweli kwamba Waingereza ndio waliotuma ujumbe wa uongo?

Simulizi hiyo inapendwa sana, na tunaelewa kwa nini: Waingereza walikuwa wanazisoma siri za simu za upepo za jeshi la majini la Ujerumani, na kisa cha hila kinavutia kuliko kisa cha amri. Lakini ujumbe ulitumwa na wakuu wa Bockholt wenyewe, na yaliyosemwa ndani yake kuhusu nyanda za Makonde yalilingana na hali ya uwanjani, kwa kuwa katika wiki hiyo Waingereza walikuwa wameingia Kitangari na Newala. Pale palipo na habari za kweli zenye uzito wa kutosha, hila haihitajiki.

Ni kweli tu kwamba Lettow-Vorbeck hakuwa amejisalimisha, na wanaosimulia kwamba ujumbe ulidai hivyo wanachanganya mambo.

Je, isingegeuka ingefaulu?

Kwa mafuta ingefika. Hilo halina ubishi mkubwa. Kwa kutua, maoni yetu ni kwamba ingekuwa bahati kubwa kama nusu ya mzigo ingeokolewa. Chombo kisichoweza kutuma ujumbe kingezunguka mchana kweupe juu ya nchi inayobadilishana mikono, kikitafuta jeshi linalotembea kila siku, kisha kishushwe na watu wasiofunzwa, bila banda, kikiwa kimejaa haidrojeni na risasi. Jüterbog palikuwa na kila kilichokosekana Makonde, isipokuwa upepo mzuri.

Wanaopinga maoni haya husema kwamba L59 haikuhitaji kunusurika, na hoja yao ina uzito wake. Rubens nayo haikunusurika. Tofauti iliyopo ni kwamba meli iliyokwama kwenye maji ya Manza ilizimwa na bahari yenyewe, na maji huharibu risasi pole pole kuliko moto.

Lettow-Vorbeck alifanya nini bila shehena hiyo?

Aliwaacha wagonjwa na majeruhi, akapunguza jeshi lake likabaki na Wajerumani takriban 300, askari Waafrika takriban 1,700 na wapagazi wapatao 3,000, akavuka Ruvuma na kuishambulia ngome ya Wareno huko Ngomano. Alichukua hapo bunduki, bombomu, vyakula, dawa na risasi zinazokadiriwa kuwa 250,000, ambazo hazipungui sana hesabu iliyokuwamo ndani ya zepelini. Ilikuwa tarehe 25 Novemba 1917, siku ileile ambayo L59 iliteremsha kamba zake Yambol.

Je, wazee wa Tanga au Bagamoyo waliiona ikipita?

Hapana. L59 haikufika kusini zaidi ya Sudan. Ikiwa mzee alisimulia kwamba aliona chombo cha anga katika vita hivyo, yamkini aliona ndege za mabawa za Waingereza, kama zile zilizotumika kutoka Mafia mwaka 1915 kuitafuta manowari ya Königsberg ndani ya matawi ya Rufiji.

Mwisho wa L59 ulikuwaje?

Ilibaki Yambol, ikapewa kazi ya kudondosha mabomu, na mwezi Machi 1918 ikaishambulia Naples nchini Italia. Tarehe 7 Aprili 1918 iliondoka kwenda Malta. Mabaharia wa nyambizi moja ya Kijerumani waliiona ikipita juu ya Mlangobahari wa Otranto, na muda mfupi baadaye wakaona mwali mkubwa mbele yao. Watu wote waliokuwamo, pamoja na Bockholt, walikufa.

Je, safari hiyo ilijaribiwa tena?

Haikujaribiwa. Baada ya Ngomano jeshi la Lettow-Vorbeck lilizunguka katika nchi ya Wareno, likarudi kupita kusini mwa koloni na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, na halikukaa mahali pamoja muda wa kutosha kiasi cha mtu aliyeko Bulgaria kuweka alama kwenye ramani na kusema chombo kishuke hapa. Lilijisalimisha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.